Bunduki ya Baba Yake Gunvor

Espérance na Daudi, siku ile mlipokuwa mkinikatia keki ya kuniaga, mliniuliza ni kazi gani iliyonisumbua kuliko zote katika miaka yangu ya karakana. Nikawajibu kwamba ni viti vya kanisa, kwa sababu watu walikuwa wengi na kahawa ilikuwa inapoa. Jibu la kweli lilihitaji nafasi. Sasa sina pa kwenda asubuhi, kwa hiyo nafasi ninayo. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Daudi anazijua kuliko mimi, na Espérance hazimpendezi. Nitaandika juu ya bunduki moja.

Niliingia Stockholm mwanzoni mwa miaka ya themanini, mkimbizi kutoka Uganda, fundi seremala wa Jinja mwenye cheti na bila vifaa. Kwanza niliosha vyombo hotelini. Kisha mama mmoja wa ofisi ya kazi akaniambia kuna karakana huko Sundbyberg inayotafuta mtu wa mbao. Hakusema mbao za nini. Nilishuka kwenye treni asubuhi ya theluji, nikasukuma mlango, nikaona bunduki zimesimama ukutani, zimepangwa kama askari kwenye gwaride. Nikaufunga mlango polepole, nikarudi barabarani.

Kule nilikotoka, bunduki ikiingia nyumbani mwa mtu, mtu hutoka. Kaka yangu alitolewa hivyo, na hakurudi. Sikuwa nimevuka nchi zote zile ili nije kuzing'arisha.

Mzee mmoja mwenye aproni ya ngozi alinifuata nje bila koti, ameshika vikombe viwili vya kahawa. Huyo ndiye Birger, mwenye karakana, aliyenifundisha karibu kila kitu nilichowafundisha ninyi.

"Wewe ndiye mtu wa mbao?" akauliza.

"Ndiyo, bwana. Lakini sitaki bunduki."

"Usiniite bwana, hapa hatuitani hivyo. Na bunduki sikupi. Chuma ni changu. Wewe nitakupa mbao peke yake, imekwisha kufunguliwa, haina hata skrubu."

Akaninyoshea kikombe. Nikaona haya kumwacha mzee wa watu asimame kwenye theluji kwa ajili yangu. Tukaingia.

Ahadi yake aliitimiza. Mbao ya bunduki ikishatenganishwa na mtutu na komeo, kile chuma kinachofungia risasi, haimtishi mtu; ukiilaza mezani hufanana na mguu wa kitanda cha tajiri. Miezi ya mwanzo nilinoa patasi na kufagia. Nilidhani nimekuja na ufundi, kumbe nilikuja na haraka tu. Siku ya kwanza aliyonipa mbao yenye makovu niliomba msasa, naye akaniangalia kana kwamba nimeomba petroli na kiberiti. Katika karakana ile bunduki zilifungiwa kabatini kila jioni kwa sababu sheria ilitaka hivyo. Msasa ulifungiwa kwa sababu Birger alitaka hivyo.

"Kila alama ni ya mtu," alisema. "Ukiisugua, umemfuta mtu bila kumwuliza."

Akanionyesha kuloweka kitambaa, kukiweka juu ya kovu, na kupitisha pasi ya moto. Mbao ilikunywa mvuke, ikavimba, bonde likapanda taratibu mpaka likalingana na uwanda wake. Espérance, wewe uliponiona mara ya kwanza nikifanya hivyo ulisema kwa Kifaransa kwamba ni uchawi. Nami nilisema hivyo hivyo, kwa lugha ya kwetu, na Birger hakuelewa lakini alifurahi. Jina langu hakuliweza. Odongo lilimtoka Udongo, na nilipomweleza maana yake kwa Kiswahili akalipenda zaidi, hakuliacha mpaka anaingia kaburini.

Gunvor alikuja katikati ya miaka ile, majira ya kuchipua majani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono myekundu ya jikoni. Alifanya kazi katika jiko la uwanja wa ndege na alikaa Märsta, mji ulio karibu na uwanja huo. Alileta bunduki ndani ya mfuko mrefu, na ruhusa ya polisi, na picha. Baba yake alikuwa amefariki majira ya baridi, akamwachia yeye bunduki ile. Kwenye picha alisimama kijana mwenye koti refu la jeshi, masikio yamejitokeza, bunduki ndefu begani. Wakati wa Vita vya Pili alipelekwa kulinda mpaka wa Norwe. Vita vilipokwisha jeshi liliwauzia wanachama wa vilabu vya shabaha bunduki za aina ile, naye akachukua moja.

Lakini bunduki iliyokuwa mezani haikufanana na ya kwenye picha. Mbao ya mbele, ambayo katika bunduki ya askari hufuata mtutu karibu mpaka mdomoni, ilikuwa imekatwa nusu. Pete za chuma zilizoishika hazikuwapo. Kifuniko cha mbao cha juu, kinachozuia mkono usiungue, nacho hakikuwapo. Mkono wa komeo ulipindwa chini. Na yote yalipakwa vanishi nene inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Baba yake aliigeuza kuwa ya kuwindia *älg*, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe mwenye pembe pana, anayewafanya Waswidi waombe likizo kila vuli.

"Nataka irudi hivi," Gunvor alisema, akaweka kidole juu ya picha. "Huyu mtu sikumfahamu. Mimi nilimfahamu mwindaji, na mwindaji hakuwa na la kuniambia. Kila vuli aliondoka kwenda msituni na kaka yangu, mimi nikabaki naosha sufuria. Sasa ameniachia mimi. Nadhani ni njia yake ya kuomba radhi. Basi nitamchukua yule wa zamani."

Birger aliikubali kazi. Alipoifungua na kunipa mbao, niligundua jambo ambalo picha haikulionyesha. Kitako nacho kilikuwa kimekatwa. Kilifupishwa sana, zaidi ya upana wa kiganja, kisha mwishoni kikaungwa kipande cha mbao nyeupe, ya ile miti yenye gome jeupe, kufidia urefu. Rangi haikulingana kabisa na ile mbao nyeusi ya mjozi. Mwunganisho wenyewe ulikuwa safi. Aliyeufanya alikuwa na subira.

"Kwa nini mtu akate kitako kisha akirudishe?" nikamwuliza Gunvor alipopiga simu.

"Sijui. Labda alikosea kipimo. Kitoe hicho cheupe, weka kinachofanana."

Nikaanza mbele. Kuna mambo mawili hapa ambayo ningependa myashike. La kwanza, kiungo kipya kifichwe mahali ambapo jicho halitafika. Mimi nilikificha chini kabisa ya pete ya kwanza, na hata leo nikipewa bunduki ile gizani, sitakipata kwa kucha. La pili, msiamini macho peke yake mnapokutanisha mbao na chuma. Pakeni chuma masizi ya taa, kilazeni, kitoeni. Palipobaki weusi ndipo penye kugusa, hapo patasi ipite. Fanyeni tena na tena mpaka weusi uenee kila mahali. Vanishi niliitoa kwa dawa na kitambaa, pole pole. Chini yake yalitokea mataji madogo ya jeshi yaliyopigwa muhuri, na makovu ya mpakani. Birger alitafuta pete na kifuniko katika masanduku yake, akaupasha moto mkono wa komeo na kuunyosha.

Ndipo Lennart alipokuja. Alikuwa kaka yake Gunvor, mtu mkubwa wa msituni kaskazini, mwenye maneno machache hata kwa kipimo cha Waswidi. Aliniangalia, akaiangalia mbao, akapitisha kidole gumba juu ya kipande cheupe.

"Hiki kinatoka?"

"Dada yako ameagiza."

"Mbele fanyeni mtakavyo. Hiki kiacheni."

"Kwa nini?"

Alivaa kofia. "Mwambie hivyo tu."

Nilimwambia. Gunvor alikasirika mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Akasema Lennart alipata kila kitu cha baba kwa miaka yote, na sasa hataki yeye apate hata kimoja kwa namna anayoitaka. Tangu mazishi walikuwa hawajazungumza. Na sasa walizungumza kupitia mimi, mtu ambaye Kiswidi chake kilikuwa bado kinavuja. Bunduki ilikuwa mali ya Gunvor, na neno la mwisho lilikuwa lake. Nikapanga kukitoa kipande cheupe wiki iliyofuata.

Wiki iliyofuata Atieno alipiga simu karakana, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja. Atieno ni mke wangu, Mkenya wa Kisumu. Wakati ule alikuwa nesi wa zamu.

"Baba Achieng, acha unachofanya uje nyumbani."

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

"Mama Achieng. Ni mzee?"

Naye akasema, "Ni mzee."

Baba yangu alikuwa askari wa mfalme wa Waingereza. Katika vita vile vile ambavyo baba yake Gunvor alisimama mpakani bila kufyatua hata risasi moja, wangu alitembea katika misitu ya Burma, na alifyatua. Akarudi, akakaa katika kambi ya Jinja mpaka muda wake ukaisha, akarudisha bunduki ghalani, na tangu siku hiyo hakuishika nyingine. Mimi nilikuwa sijamwona tangu nilipokimbia. Vita vilikuwa vimepamba moto kule nyumbani, na hati yangu ya ukimbizi iliniruhusu kwenda kila nchi isipokuwa ile niliyotaka. Walimzika bila mimi. Sikupata hata kofia yake.

Nitasema lililokuwa moyoni. Nilikaa kwenye treni nikimchukia Gunvor. Nilimwona mtu aliyezika baba yake, akarithi kitu alichokishika baba yake, kisha akaona hakitoshi, anataka kibadilishwe.

Tukaweka matanga Bredäng, katika nyumba yetu ya ghorofa ya sita. Walikuja Waganda wa kanisani na wa msikitini, Wakenya wenzake Atieno, jirani yetu Mkongo na mkewe. Viatu vilijaa koridoni mpaka kwenye lifti. Jumamosi mchana mlango ukagongwa, nikafungua, nikamwona Birger na maua, na nyuma yake Gunvor na Lennart, kila mmoja ameangalia ukuta wake.

Ilikuwa hivi. Lennart alikuwa ameteremka tena kutoka kaskazini kuja kuizuia kazi, Gunvor naye akaja kuhakikisha haizuiwi, wote wakamkuta Birger anafunga mlango amevaa suti. Akawaambia, "Fundi wa bunduki yenu amefiwa na baba. Mimi naenda kwake. Mkitaka kugombana, gombaneni ndani ya gari." Inaonekana ndani ya gari hawakugombana. Hawakusema chochote.

Wakavua viatu. Soksi ya Birger ilikuwa na tundu. Atieno akawapa chai ya maziwa na mandazi, akawakalisha katikati ya watu kana kwamba amewatarajia. Kwetu, mnajua, watu wakikaa matangani humzungumzia marehemu, kila mtu na lake. Waliomfahamu mzee walikuwa wachache, lakini wengine walieleza habari za wazee wao, na ikafaa hivyo hivyo. Mzee Kiwanuka, dereva wa basi ambaye sote tulimheshimu kama baba, ndiye aliyeongoza. Zamu ikamfikia Birger.

"Sikumfahamu marehemu," alisema kwa Kiswidi, nami nikatafsiri. "Lakini mtoto wake hufika kazini kabla yangu, na karakana ni yangu. Nadhani mzee alikuwa msumbufu sana."

Watu walicheka. Nilicheka na mimi, kwa mara ya kwanza tangu simu ile.

Kisha Mzee Kiwanuka akamgeukia Lennart. "Na wewe, ndugu yangu, baba yako yu hai?"

"Alifariki majira ya baridi."

"Poleni sana. Basi tuambie habari zake. Leo baba wote wako hapa."

Nilidhani atakataa. Alizungusha kikombe mikononi kwa muda, kisha akaanza, macho kwenye zulia. Alizungumza Kiswidi na mimi nikageuza Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kwa hiyo naikumbuka vizuri.

"Baba yetu hakuwa msemaji. Mwaka mmoja, kiangazi, alikata kitako cha bunduki yake. Alikikata kifupi, cha mtoto. Mimi nilikuwa nimeshakua, nikamwuliza ni cha nani. Akasema ni cha Gunvor, vuli hii tunakwenda naye."

Gunvor akainua kichwa.

"Alimpima mkono kwa kamba. Alimdanganya kwamba anataka kumtengenezea koti."

"Nililisubiri lile koti," Gunvor alisema taratibu. "Halikuja."

Hayo niliyatafsiri pia.

"Mama alikataa," Lennart akaendelea. "Alisema msichana haendi msituni na wanaume. Walibishana siku nzima, na baba hakujua kubishana. Baadaye akakiunga kile kipande cheupe. Ile mbao nyeusi alikuwa nayo, ipo ghalani mpaka leo. Hakutaka ifanane, nadhani."

"Kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii!"

"Mimi nilijifunza kwa bunduki iliyonizidi urefu. Kwangu hakukata kitu." Akaweka kikombe chini. "Nilikuonea wivu, Gunvor. Na baadaye nikaona aibu ya kuona wivu. Mambo kama hayo mtu anayaanzia wapi?"

Jirani yetu Mkongo akasema, "*Voilà*, ndivyo," kwa upole, na mkewe akampiga kiwiko. Mzee Kiwanuka akaanzisha wimbo, kwa sababu alijua watu wawili wale walihitaji kitu cha kuwafunika. Waliimba Wakristo, Waislamu wakasubiri kwa adabu, kisha wao wakaomba dua. Gunvor alilia bila kujificha, na Atieno akamshika mkono. Ile chuki yangu ya kwenye treni niliitafuta nisiipate.

Jumatatu Gunvor alikuja karakana peke yake. Aliomba tukitoe kipande cheupe, akione kitako kilivyokuwa siku kilipokatwa. Gundi ilikuwa ile ya zamani, ya kuchemsha ngozi. Nikaipasha kwa kitambaa chenye maji moto, ikaachia. Birger akarudisha chuma mahali pake, akahakikisha bunduki ni tupu, akampa. Gunvor akaiinua begani.

Ilikuwa fupi mno. Kiwiko chake kilijikunja kama bawa la kuku, pua ikagusa kidole gumba. Akajaribu tena, akaishusha.

"Nimekua," alisema, akacheka, kisha akageukia dirisha. Birger alijifanya anatafuta tupa.

"Nikuunganishie mbao ya mjozi?" nikauliza. "Naweza kuifanya isionekane kabisa."

"Najua unaweza. Rudisha cheupe."

"Nikipake rangi kilingane?"

"Usikiguse."

Nikakirudisha kwa gundi ya aina ile ile, upande ule ule, bila kukiongezea hata mafuta ya kitani. Ilipokamilika, bunduki ilikuwa ya askari wa mpakani kuanzia mdomoni mpaka kwenye komeo, mbao ndefu, pete, kifuniko, kila kitu kama pichani, na kuanzia hapo kwenda nyuma ilikuwa ya baba mmoja aliyekata na kuunga. Birger aliizunguka mezani mikono nyuma.

"Hakuna jeshi duniani lililowahi kubeba kitu kama hiki," alisema. Halafu akaipangusa mwenyewe, kazi ambayo siku zote aliniachia mimi.

Vijana wangu, watu watawaletea vitu na kusema, kirudishe kilivyokuwa. Msiguse patasi kabla hamjauliza kilivyokuwa lini, na kwa nani. Wakati mwingine mwenye kitu mwenyewe hajui, na wewe huwezi kumjulia. Utakachoweza ni kutokuwa na haraka, ili asije akajua baada ya wewe kumaliza.

Vuli ile ile wakaja Bredäng wote wawili, Lennart amebeba mfuko wa nyama ya *älg* uliomlemea hata yeye. Atieno aliipika kwa karanga, kwa muda mrefu, maana nyama ile ni ngumu na haina mafuta.

"Umempiga wewe?" nikamwuliza Gunvor.

"Kaka yangu. Mimi nilikaa kwenye kigogo tangu asubuhi na bunduki tupu mapajani. Mvua ilininyeshea mpaka kwenye mifupa." Akachukua ugali kama Atieno alivyomwonyesha. "Nitakwenda tena mwakani."

Binti yetu Achieng alikuwa ameanza shule wakati ule, na kila tulichomwambia kwa Kiswahili alitujibu kwa Kiswidi. Alikuwa amewasikiliza wageni muda wote, kijiko mdomoni. Ghafla akaniuliza, kwa Kiswahili kilichopinda huku na huku, "Baba, babu yangu wewe, alikuwa mtu gani?"

Lennart akaacha kutafuna. Gunvor akaweka mkono mezani, akasubiri pamoja na mtoto, ingawa lugha haielewi. Nikaona kwamba sikuwahi kumwambia mtoto wangu lolote. Nikasogeza sahani, nikaanza na namna alivyokuwa akifunga kamba za viatu vyake asubuhi, ameweka mguu juu ya jiwe, akiimba.

Achieng akauliza, "Akiimba nini?"